Watoto Waliosukumwa Nyuma Mwaka Mmoja

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo tumeanza kusafisha data. Nimeamua kuandika mpaka ripoti itoke, maana kila utafiti ukiisha nabaki na majedwali tu, na sikumbuki hata kidogo nilikuwa mtu wa namna gani nilipokuwa nikiyatengeneza.

Ofisini tumebaki watatu: mimi, Rael, na Daktari Kigen, mkurugenzi wetu, ambaye huingia saa nne na kuuliza tumefika wapi kabla hajavua koti. Mwezi wa nane na wa tisa tulikuwa mashambani, timu tano, kuanzia Turbo hadi Moi's Bridge, tukiwauliza akina mama juu ya watoto wao waliozaliwa, walio hai na waliokufa. Rael alisimamia timu ya tatu. Mimi nilikuwa mhojaji wake. Sasa tumekaa meza moja, yeye dirishani, mimi ukutani, na harufu ya dawa ya kupe inatupandia kutoka duka la chini.

Amekuja na mursik, yale maziwa ya Wakalenjini yaliyochachushwa, kutoka kijijini kwao Ziwa, chupa mbili, moja yangu. "Mluhya gani anakunywa mursik hivi?" huniuliza kila mara. Aliyeharibiwa na wewe, humjibu. Miaka sita sasa tumekuwa tukijibizana hivyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua mchana kutwa, na watu wana mahindi nje. Kwenye data nimempata mama mwenye umri wa miaka 214. Rael amecheka mpaka akalaza kichwa mezani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Daktari Kigen ametukumbusha kwa nini wafadhili wanangoja. Eneo la kaskazini likionyesha vifo zaidi ya hamsini kwa kila watoto elfu walio chini ya miaka mitano, watajenga zahanati karibu na laini, zile safu za nyumba za vibarua wa mashamba, huko Moi's Bridge. Likiwa chini ya hapo, watapeleka msaada kwingine. "Namba ndiyo itaamua," akasema, kisha akaenda kunywa chai.

Watu hufikiri kiashiria hicho ni kugawanya waliokufa kwa waliozaliwa. Sivyo. Mtoto wa miezi minne hajavuka bado, na huwezi kumhesabu kama aliyefika miaka mitano. Kwa hivyo tunaikata ile miaka mitano vipande vinane, mwezi wa kwanza ukiwa peke yake, na katika kila kipande tunauliza: walioingia ni wangapi, na waliotoka wazima ni wangapi? Kisha tunavizidisha vipande vyote tupate nafasi ya mtoto kuvuka safari nzima. Kinachopungua hapo ndicho kifo. Tena kila nyumba ina uzito wake. Kila nyumba tuliyoingia kule kwenye laini inasimama badala ya nyumba mia tatu ambazo hatukuingia. Ukimpoteza mtoto mmoja pale, umepoteza mia tatu.

Nikifanya hesabu hiyo namkumbuka Mama Wangila. Ni mwanamke wa makamo yangu, kibarua, ametoka Bungoma na mumewe. Aliniambia binti yake Mercy alizaliwa Machi mwaka wa sensa, yaani 2019, na kwamba mtu wa sensa alipofika mwezi wa nane alimwandika Mercy akiwa ananyonya. Oktoba mtoto akaharisha siku tatu. Walimpakia kwenye trekta ya shamba kumpeleka mjini, akafia njiani. "Mwandike vizuri, madam," akaniambia. Nikamwahidi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua tena. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 16 Oktoba

Kuna kitu kibaya kwenye timu ya tatu.

Nimepanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 2017 wako sitini na sita. Mwaka 2018, tisini na saba. Mwaka 2019, thelathini na saba. Mwaka 2020, sitini na watano. Timu zile nyingine nne hazina shimo kama hilo. Yaani akina mama tuliowatembelea sisi waliacha kuzaa mwaka mzima, baada ya kuzaa kwa pupa mwaka uliotangulia!

Kila mtu wa kazi hii anajua maana yake. Mtoto aliyezaliwa tangu Januari 2019 ana kazi nyingi, kuanzia maswali ya ziada ya mhojaji. Akiwa hai, lazima msimamizi ampime urefu na uzito, na asipompata arudi hata mara tatu. Akiwa amekufa, msimamizi akae na mama ajaze fomu ya kifo. Aliyezaliwa kabla ya hapo, tableti inamruka. Kwa hivyo mtu mvivu humsukuma mtoto nyuma mwaka mmoja, na jioni anawahi chakula. Kwenye mafunzo tulikatazwa jambo hilo mpaka tukachoka kulisikia.

Mtoto aliyekufa akisukumwa nyuma, kifo chake nacho kinatoka kwenye miaka mitano tunayoihesabu. Kwa data ilivyo sasa, kaskazini inatoa vifo thelathini na vinne kwa elfu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemwonyesha Rael kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni timu yake, na ni rafiki yangu. Alishuka na kidole kwenye jedwali mpaka 2019.

"Hii itakuwa ni Ronnie," akasema. "Si unajua vile alikuwa anaharakisha? Saa tisa ashamaliza."

Kweli, Ronnie alikuwa mwepesi. Ni kijana wa Turbo, mhojaji mwenzangu kwenye timu, utafiti wake wa kwanza, na kila jioni alituuliza kama tumechoka ili apate kusema yeye hajachoka. Nikaona mambo yanaoana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwandikia Daktari Kigen barua kuhusu Ronnie na kutia sahihi. Rael alinisaidia maneno.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikukuu. Nimefua nguo. Hazikukauka.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ronnie amekuja kuchukua barua yake ya kuachishwa. Hakupandisha sauti.

"Madam Kavetsa, mimi nilikosa wapi? Niambie tu ndio next time nijue."

"Namba zinaonyesha, Ronnie," nikamwambia.

Akaniangalia kana kwamba ningeongeza neno. Rael alikuwa dirishani akitazama malori ya mahindi.

Jumatano, 30 Oktoba

Jua, hatimaye. Barabara nzima imetandazwa maturubai na mahindi juu yake.

Jumanne, 5 Novemba



Daktari Kigen alitaka nifute madodoso yote ya Ronnie kisha nihesabu upya. Nikayafuta. Shimo la 2019 halikuzibika. Lilikuwa palepale, na kwa kiasi likawa baya zaidi. Ndipo nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifanya siku ya kwanza: nikagawa watoto kwa mhojaji mmoja mmoja. Sikuwa nimegawa. Rael alikuwa ameshanipa jina, nami nikalipokea vile ninavyopokea mursik yake, bila kunusa.

Ronnie: 2018, kumi na wanane, 2019, kumi na wawili. Mhojaji namba saba: 2018, ishirini na sita, 2019, saba. Mhojaji namba saba ni mimi.

Nilikaa nikaitazama namba yangu. Nikafungua dodoso la Mama Wangila. Mercy, msichana, alizaliwa Machi 2018, amekufa akiwa na miezi saba. Elfu mbili na kumi na nane! Nilitoa daftari langu la shambani kwenye mkoba. Kwa mkono wangu mwenyewe nimeandika: Machi 2019, mwaka wa sensa, aliandikwa.

Kutoka tableti yangu dodoso huenda kwa msimamizi alikague, kisha analituma. Hapo katikati hakuna mtu mwingine. Tableti zetu zilifutwa tuliporudisha vifaa, kwa hivyo kilichobaki ni kile alichotuma yeye.

Miaka sita. Nilipolazwa kwa upasuaji ndiye aliyelala kwenye kiti kando yangu. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine tangu saa tano asubuhi na sijapata hata moja.

Jumatano, 6 Novemba

Nimemwambia tutoke. Tulikaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya stendi ya malori.

"Rael, Mercy wa Moi's Bridge. Nani alimpeleka 2018?"

Hakuuliza Mercy ni nani. Alizungusha kikombe.

"Wewe uliuliza maswali yako ukaenda," akasema mwishowe. "Mimi ndio nilikuwa nabaki na ile form ya kifo. Saa nzima mama analia, na wewe unamuuliza, alitapika mara ngapi, macho yaliingia ndani, alikuwa analia na machozi ama bila? Nilifanya tatu, Kavetsa. Ya nne nikaona aki ya Mungu sitaweza. Nikabadilisha mwaka, tableti ikaacha kuniuliza."

"Na walio hai?"

"Hao mama zao walikuwa shamba. Nirudi mara tatu kupima mtoto mmoja, na Kigen anapiga simu kila jioni, deadline, deadline?"

"Na Ronnie?"

"Ronnie ni kijana. Atapata kazi ingine."

Nilimwonea huruma na nikataka kumrushia kikombe, yote mawili kwa wakati mmoja. Fomu ile najua ilivyo. Hata mimi nisingeweza kumi. Lakini angesema! Angesema ameshindwa, tukagawana. Nikamwambia nikiwarudisha waliosukumwa, hata kwa makadirio, kaskazini inafika hamsini na tatu. Zahanati inajengwa. Akaanza kulia.

"Nipe hadi Monday. Nitamwambia Kigen mwenyewe. Usiniseme wewe, tafadhali. Yatoke kwa mdomo wangu."

Nikampa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia Ronnie kumwomba msamaha. Amesema ni sawa, kwa sauti ya mtu ambaye si sawa. Nimemwambia barua yake itafutwa Jumatatu.

Jumatatu, 11 Novemba

Daktari Kigen aliniita saa nne na nusu. Koti alikuwa ameshavua.

"Rael ameniambia kila kitu tangu Ijumaa," akasema. Nikapumua. Kisha akageuza kompyuta niione. Mhojaji namba saba, ishirini na sita kwa saba. Lilikuwa jedwali langu. Nilimpa Rael nakala pale kibandani.

"Hizi ni interview zako, Kavetsa. Rael anasema alikuonya mkiwa field. Na ulipoona yatajulikana, ukamwekelea kijana wa watu. Hii barua si ina sahihi yako?"

Ilikuwa na sahihi yangu. Maneno mengine yalikuwa ya Rael, lakini sahihi ni yangu.

Nilisema yote, vibaya, nikirukaruka. Nikatoa daftari. Alilishika kwa vidole viwili. "Daftari unaweza kuandika hata jana," akasema. Nikamwambia basi atume mtu amuulize mama mwenyewe. Mama Wangila hawezi kukosea mwaka wa sensa, mtoto wake aliandikwa. Nikampa jina, laini, na mlango wa ngapi. Akafikiri, akakubali. Atakuja mkaguzi kutoka Kisumu, Bwana Ouma, asiyetujua sisi wote, arudie nyumba kumi, na aanze na hiyo yangu.

Mlango ulikuwa wazi muda wote, na nilipotoka Rael alikuwa mezani pake. Hakuinua macho. Nilihamisha kiti changu mpaka chumba cha stoo.

Jumanne, 12 Novemba

Sioni haya kuandika kwamba nimelia. Udanganyifu wake ningeusamehe. Siku tano nilizompa ndizo alizotumia kunichimbia, na hizo siwezi.

Alhamisi, 14 Novemba

Rael hayupo. Ati ameomba ruhusa siku mbili akasaidie mamake kuvuna Ziwa. Heri. Leo nimefanya kazi mlango wa stoo ukiwa wazi.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua ya mawe. Nangoja.

Jumatatu, 18 Novemba

Bwana Ouma amepita ofisini akielekea Moi's Bridge. Mzee mpole, haongei mengi, anatembea na mwavuli wa kike. Aliniambia ameona mambo haya tangu enzi za madodoso ya karatasi, na kwamba ukweli wa mwaka anaujua mama, si kompyuta. Niliondoka pale nikiwa mwepesi. Jioni nimekula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatano, 20 Novemba

Nyumba sita kati ya zile kumi zimefungwa, vibarua wamehamia mashamba mengine kufuata mavuno. Nyumba tatu, akina mama hawakumbuki mwaka vizuri. Nyumba moja mama anakumbuka sana. Bwana Ouma alinisomea mwenyewe, na nilimwona hapendi kazi hiyo.

"Mama anasema mtoto alizaliwa Machi, mwaka mmoja kabla ya sensa. Nimemuuliza mara tatu, kwa njia tatu. Nikamuuliza kama mtu wa sensa alimwandika mtoto huyo. Akasema hapana, sensa ilimkuta ameshazikwa."

Nikamwuliza kama alikuwa amemkuta mama yuleyule. Alikuwa yuleyule.

Mtu aliyeniambia mwandike vizuri ndiye aliyemfuta. Nilijihoji hata mimi: huenda nilisikia vibaya, huenda daftari langu ndilo linalosema uongo.

Ijumaa, 22 Novemba

Barua yangu ya kuachishwa ina maneno yaleyale ya barua ya Ronnie. Wamebadilisha jina tu. Ripoti itatoka na thelathini na vinne, "kwa kuwa ukaguzi umethibitisha." Rael ndiye atakayeiwasilisha kwa wafadhili.

Alikuja hadi stoo nikifunga vitu vyangu. Alitaka kusema jambo. Nikamwambia akisema neno moja nitapiga kelele mpaka wauza dawa za mifugo wapande juu. Akarudi.

Jumapili, 1 Desemba

Sikwenda kanisani. Jirani alibisha, nikajifanya sipo.

Jumatano, 4 Desemba

Nimetoka Moi's Bridge. Nilitaka kumwona Mama Wangila macho kwa macho nimuulize nilimkosea nini. Njia nzima nilipanga maneno makali, mengine sitayaandika hapa.

Mavuno yamekwisha, mashamba yamebaki mabua. Nilimkuta nje ya mlango wake akipepeta maharagwe. Aliponiona aliacha ungo chini akaja mbio, akanikumbatia na vumbi lake lote.

"Madam! Nilijua utakuja. Nilikuwa nauliza watu, kama yule madam wa watoto yuko sawa."

Maneno yangu yote makali yakanipotea. Akaniingiza ndani, akanipa kiti pekee, yeye akakaa kitandani.

"Mzee wa mwavuli alikuja," akasema, akishusha sauti ingawa tulikuwa wawili. "Nilisema kila kitu vile rafiki yako alinifunza."

"Rafiki yangu yupi?"

"Si yule supervisor wako, Rael? Alikuja siku moja mbele ya ile mvua ya mawe. Akaniambia, Kavetsa ako kwa shida. Aliandika mwaka vibaya kwa kompyuta, na sasa watamfuta kazi. Akaniambia mzee atakuja kuuliza, niseme tu vile kompyuta inasema, ndio usiharibikiwe. Alikuwa analia, madam. Anakupenda sana huyo."

Nikamwuliza, polepole, Mercy alizaliwa lini.

"Si nilikuambia? Mwaka wa sensa. Aliandikwa hapo kwa mlango, nikiwa nimembeba." Akajipangusa vumbi la maharagwe. "Kusema hakuandikwa ilikuwa ngumu. Mzee aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu karibu nishindwe. Lakini nikasema, mtoto ashaenda, na wewe uko hai na unataka kula. Mercy hawezi kasirika na mimi kwa hiyo."

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa limefika mdomoni: kwamba sikukosea mwaka, kwamba ameniangusha kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba hapa mlangoni hakutajengwa zahanati yoyote. Nikaangalia kitanda alichokalia. Mtoto mdogo alikuwa amelala nyuma yake, labda wa mwaka mmoja, mdomo wazi. Yeye alikuwa amefanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuombwa, na amelifanya kwa ajili yangu. Rael alijua atalifanya. Nilikuwa nimempa Kigen shahidi mmoja wa uhakika, na Rael akaona mara moja ni wapi pa kumshika: kwenye wema wake.

"Sasa niambie ukweli," akasema Mama Wangila. "Ilisaidia? Umebaki kazini?"

"Nimebaki," nikamwambia.

Akafumba macho, akanishika mikono yote miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti ya juu mpaka mtoto akaamka. Alipomaliza alikuwa akiningoja, nami nikasema amina.